Tofali Ndani ya Kompyuta

Mzee Chapa aliamini vitu vikubwa. Meza ya duka lake la kuchapa barua na kutoa kopi ilikuwa kubwa, muhuri wake mkubwa, na kompyuta yake ya kijivu ilitaka mtu mwenye mgongo mzima kuinyanyua. Ikiwashwa ilinguruma mpaka kalamu zikatetemeka, na juu yake paka wake alilala siku nzima akiota joto. Mimi ninayetengeneza simu na redio kwa koleo dogo kama la kung'olea nyusi, mzee alinitazama na kuguna tu. Nami nilitaka kumwoa binti yake.

Siku moja ile kompyuta ikatoa moshi katikati ya barua ya mteja, ikafa. Mchumba wangu akanikonyeza.

"Mletee Baba nyingine. Mjomba wako akija kutuombea ruhusa, amkute ameshalainika."

Nikaileta. Niliitoa kwenye mfuko wa shati.

"Nini hii?" akauliza mzee.

"Kompyuta, Baba."

Akaiweka kiganjani. Ilikuwa bodi moja ya kijani, ukubwa wa kitambulisho. "Hiki ni kipande. Iliyobaki inakuja lini?"

Nikajieleza kwa moyo wote. Hapa unachomeka kibodi na kipanya, hapa waya wa skrini, hapa wa mtandao. Hizi pini ni za kuungia vifaa vya nje. Kikadi hiki kama ukucha ndicho kinabeba barua zako zote, na umeme inatumia wa chaja ya simu. Kadiri nilivyosifia ndivyo nilivyojiharibia.

"Feni yake iko wapi?"

"Haihitaji, Baba. Haipati moto."

"Swichi?"

"Haina. Ukichomeka waya, imewaka."

"Haina feni, haina swichi, haina mlio, na imekuja uchi! Hata kifaranga hutoka kwenye yai na manyoya yake."

Nilitoka pale nimefura. Nilikuwa tayari kurudi kubishana naye hadi mwaka uishe, lakini mchumba wangu alicheka.

"Baba hataki kompyuta, anataka boksi. Mpe boksi."

Tukalichukua boksi la kompyuta marehemu, tukasema linakwenda kutengenezwa. Nikang'oa matumbo yote, nikaifunga bodi yangu ndani, ikakaa kwenye kona kama mpangaji mmoja ndani ya jumba la ghorofa. Nikaiunga swichi ya mbele kwenye pini, pamoja na feni ndogo ambayo bodi wala haikuihitaji. Feni ililia kama mbu. Mchumba wangu akabandika kipande cha kadi kikwaruze mapanga yake, nayo ikanguruma vizuri kabisa. Kisha akalinyanyua boksi kwa mkono mmoja, akakunja uso. Akatoka nje, akarudi na tofali.

"Unanitazama nini? Lifunge."

Nikalifunga kwa tepu.

Mzee alipoipokea aliinyanyua upande mmoja, akaguna kwa raha, akabonyeza swichi. Ngurumo.

"Sasa hii ndiyo kompyuta, mwanangu."

Mwanangu! Nusura nilie. Barua zilifunguka upesi kuliko zamani, na kila mteja akaambiwa kwamba kuna kijana ana mikono ya dhahabu.

Paka peke yake hakudanganyika. Aliruka juu ya boksi, akazunguka, akakaa, akainuka, akashuka amenuna. Kesho yake vilevile. Mwishowe akahamia kwenye mashine ya kopi. Mzee akadhani anaumwa, akampapasa tumbo. Kisha akalipapasa boksi.

"Inafanya kazi kutwa," akasema polepole, "na ni baridi."

"Nimeitengeneza vizuri, Baba," nikasema, nikaaga haraka.

Siku ya kuja na mjomba, mjomba alivaa suti na alikuwa na hotuba kichwani. Tulipoingia dukani nilitazama mezani kwanza. Boksi lilikuwa wazi. Kando yake, juu ya kitambaa safi, lilikuwa tofali. Bodi ilikuwa mezani ikiwaka kitaa chake cha kijani, na barua imefunguka kwenye skrini.

"Karibu, ndugu yangu," mzee akamwambia mjomba. "Kabla hujasema neno lako, nisaidie. Hiki ni kifaa gani?"

Mjomba akavaa miwani. "Ni tofali."

"La kazi gani kwenye kompyuta?"

Mjomba ana huruma sana. Alinitazama, akafikiri, akasema, "Labda ndilo linalotunza kumbukumbu?"

Nikaona aibu kwa niaba yake. "Ni la uzito, Baba. Uliikataa kompyuta ilipokuwa ndogo. Niliogopa utanikataa na mimi."

"Nilikosea kuikataa," akasema mzee. "Tangu asubuhi inafanya kazi ikiwa uchi na haijalalamika. Kompyuta ningeizoea. Wewe je? Siku nikikufungua wewe, nitakuta matofali mangapi?"

Iliniuma, kwa sababu aliuliza swali ambalo baba yeyote angeuliza.

Ndipo pazia la nyuma likafunguka, mchumba wangu akaingia na chai.

"Tofali nililileta mimi, Baba. Na ile kadi kwenye feni ni yangu. Yeye alitaka kubishana na wewe mpaka uelewe."

Mzee alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akalitazama tofali. Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Kumbe mnafaana! Mwongo mmoja angenisumbua. Wawili mtadanganyana wenyewe, mimi nipumzike."

"Kwa hiyo hotuba niitoe?" akauliza mjomba.

"Itoe, ndugu yangu. Lakini wa kuombwa radhi ni paka. Huyu kijana amtafutie pa kulala."

Siku hizi tofali linazuia mlango wa duka usijifunge. Bodi inaning'inia kwenye msumari ukutani, bila nguo. Boksi la kijivu limebaki mezani, ndani lina balbu moja ya zamani yenye joto, inayokula umeme mwingi kuliko kompyuta yenyewe, na paka amelala juu yake. Wageni wakilisifia lile boksi, mzee huwasahihisha.

"Hilo ni la paka," anasema. "Kompyuta ni ile pale ukutani. Ameileta mkwe wangu."