Chokaa ya Kutuliza Mto

Mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, alikuja mgeni mtafuta shaba, akachimba kilima kilicho juu ya mto wa Kiwambo. Alichopata ni mawe meusi yenye kumetameta, yasiyomfaa kitu. Homa ikamshika, akabebwa kwa machela hadi pwani, asirudi tena. Shimo likabaki wazi. Masika yalipoingia likafurika, likatapika mtoni maji ya rangi ya kutu, makali kama ndimu. Samaki wakaelea matumbo juu. Mpunga wa bondeni ukanyauka huku umesimama majini.

Konde moja lilikuwa la Tabia, mjane aliyechoma chokaa ya kuwauzia waashi wa mjini. Na aliyemruhusu mgeni kuchimba alikuwa kaka wa Tabia, Msabaha, jumbe wa kijiji. Hakuna aliyemlaumu usoni. Walimwamkia na kupita, basi.

Siku moja Tabia alikuwa akiosha vikapu vya chokaa mtoni, akaona maji yaliyomzunguka yanabadilika, uchafu wa manjano unazama. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Ukali umepungua. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Chokaa inayatuliza yale maji. Nipe watu wa kubeba."

"Nani atanisikiliza mimi sasa?" Msabaha alisema, akatazama chini. "Nitabeba mwenyewe."

Kiangazi chote Tabia alichoma matumbawe ya pwani kupata chokaa, moshi ukimkaa kifuani, na Msabaha akapanda kilima na kikapu begani, mabega yamechubuka, akaimwaga pale maji ya shimo yalipoingia mtoni. Baadaye akaja Rehani, jirani aliyepoteza konde zima. Alichukua kikapu, akapanda. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Maji yakaanza kung'aa.

Kisha vuli ikanyesha kutwa kucha, ikafagia chokaa yote baharini. Asubuhi mto ulikuwa mwekundu tena. Tabia aliketi ukingoni, mikono imelegea mapajani. Hata kulia hakuweza.

"Tunaosha kidonda na mwiba tumeuacha ndani," Rehani alisema. "Tukalizibe shimo."

Mvua ilipopungua wakapanda na majembe. Wakachimba mfereji wa kuyatoa maji, na yote yaliyotoka wakayamwagia chokaa. Msabaha ndiye aliyeshuka shimoni kushindilia udongo wa mfinyanzi. Alipopanda, miguu yake ilikuwa imebabuka hadi magotini kwa ukali wa maji.

"Inatosha, kaka. Usishuke tena, wengine wapo," Tabia alimwambia.

"Bado pembe ya huku," alisema, akashuka tena.

Shimo likazibika, ila si kabisa. Upande mmoja yaliendelea kuchuruzika maji membamba ya manjano, na hapo ilibidi chokaa iwekwe kila mwezi. Kazi hiyo ikamwangukia Tabia, kwa kuwa tanuri lilikuwa lake. Waashi wa mjini wakachoka kumngoja, wakanunua kwingine.

Masika yaliyofuata Tabia alipanda mpunga kondeni mwake, ukanda mdogo tu. Nusu ukafa, nusu ukashika. Rehani alipita akasimama kuutazama.

"Umeota, dada."

"Umeota," Tabia alijibu. Alikuwa na kikapu kichwani, na kilima kilikuwa bado mbele yake. Msabaha, aliyekuwa akichechemea nyuma, akamfikia, akampokea kile kikapu. Wakapanda pamoja.