Mwezi wa Penseli

Nilipokubali kuwa mwenyekiti wa sinagogi letu, hakuna aliyepiga makofi. Mkutanoni tulikuwa watu kumi na wanane, chai imeshapoa, na Aubrey Zelman, aliyeishika kazi ile kwa miaka ishirini na miwili, aliuliza mara tatu nani atampokea. Mara ya tatu nilinyoosha mkono. Nadhani wengi walishukuru kwa kuwa sasa wangeweza kwenda nyumbani.

Mimi ni fundi saa. Kiebrania nilijifunza mwenyewe nikiwa mtu mzima, kwa kanda nilizokuwa nikizisikiliza dukani, kwa hiyo nasoma polepole na lafudhi yangu huwachekesha waliozaliwa ndani ya mambo haya. Mji wetu uliwahi kuwa mji wa dhahabu. Wayahudi waliobaki ni thelathini na mmoja, pamoja na wale wanaoonekana mara moja kwa mwaka, na rabi wa mwisho alihamia Perth zamani. Mwenyekiti ndiye anayefungua mlango, anayemwita fundi paa likivuja, anayepiga simu. Zaidi ya yote, ndiye anayetunza siku za marehemu.

Siku hizo zilikuwa kwenye droo ya kadi, kadi mia mbili na kumi na nne, zote kwa mwandiko wa Zelman: jina la marehemu, tarehe aliyofariki, ndugu wa kuarifiwa. Kumbukumbu yenyewe hufuata kalenda yetu, ambayo hufuata mwezi, hivyo kila mwaka huangukia siku nyingine kwenye kalenda ya ukutani. Zelman alikuwa akizipigia hesabu kwa mkono. Mimi niliona kompyuta ingenisaidia. Kuanzia Machi hadi Mei, kila nilipofunga duka, nilikaa na droo ile nikaziingiza kadi moja baada ya nyingine. Baadhi zilikuwa na nukta nyekundu. Nyingine zilikuwa na kimwezi kidogo, kimechorwa kwa penseli pembeni.

Nukta nilimuuliza Zelman. Ilikuwa Jumamosi baada ya sala, watu wameshika vikombe. Alinijibu kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwamba nukta ni familia zilizohama mji, kisha akawageukia wenzake. "Mwenyekiti wetu bado yuko kwenye alifu," alisema. "Tumpe muda. Wajukuu zetu watamwona akifika kwenye be."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kimwezi sikukiuliza. Nilijiambia ni alama tu ya kalenda ya mwezi, nikaendelea na kadi zangu.

Mwezi Juni Perla Wachtel alikuja dukani kubadilisha mkanda wa saa. Alikuwa na miaka themanini na minne. Mtoto wake wa pekee, Joel, alifia hospitalini mwaka 1991, akiwa na miaka thelathini na mmoja, na tangu hapo kila mwaka mumewe Heniek alimsomea Kadishi, dua ya wafiwa. Sasa Heniek naye alikuwa ametutoka. Kadishi haisomwi mpaka wawepo wanaume kumi. Huko mijini wapo wanaowahesabu na wanawake. Kwetu hawahesabiwi, ingawa wao ndio wanaotujazia viti.

Alikaa kwenye kigoda changu, mkono anaovalia saa ukiwa mtupu juu ya meza. Alisema herufi zetu hakuwahi kuzijua. Wakati wa vita alikuwa mtoto, amefichwa kwa watawa wa Kikristo, na baadaye hakuna aliyekumbuka kumfundisha.

"Siku alikuwa anaijua Heniek," alisema. "Mimi nilikuwa nawasha mshumaa akiniambia washa. Sasa nani ataniambia, Leon mwanangu?"

"Usihangaike, Mama Wachtel. Siku nitakuletea, na watu kumi nitakuletea."

Sikumwambia nitajaribu. Nilimwambia nitaleta.

Kompyuta ilisema Jumanne moja ya Julai. Nikachapa tangazo, nikalituma, kisha nikashika simu siku kumi na moja mfululizo. Ndugu wawili kina Rosenfeldt wanafuga kondoo mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Walikubali kuondoka kukiwa bado hakujapambazuka. Daktari Kessler alibadilishana zamu. Wengine niliwapata kwa kubembeleza, na mmoja kwa kumtengenezea saa ya marehemu baba yake bila malipo.

Jumanne ile, saa moja asubuhi, kulikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Kwetu ni mwiko kuhesabu watu waziwazi, hivyo nilipita kati ya viti nikinong'ona kama tunavyofanya: si mmoja, si wawili, si watatu. Nilipofika si kumi nilitaka kukaa chini kidogo. Zelman alikuwa mmoja wao, safu ya pili, tangazo langu mkononi mwake limekunjwa mara nne. Nikaisoma Kadishi kwa niaba ya Perla, polepole, bila kukosea neno. Baadaye alinibusu kwenye paji la uso na kutukatia keki ya asali. Sijawahi kuipenda kazi ile kama nilivyoipenda asubuhi ile.

Jioni nilikuwa nikishusha shata la duka simu ilipolia. Alikuwa Perla. Naftali, shemeji yake wa Melbourne, alikuwa amempigia kumuuliza kama ameshawasha mshumaa. Akamjibu kwamba uliwashwa jana jioni na umeshazimika. Naftali akamwambia mshumaa ni wa leo.

"Anasema Joel alikata roho saa kumi na mbili jioni," Perla alisema. "Na kweli, Leon. Nakumbuka nilitazama dirishani, taa za barabarani zilikuwa zimewaka."

Siku yetu huanza jua linapozama. Julai, kwetu, ni majira ya baridi, na saa kumi na mbili jioni ni giza tupu. Kijana yule alifariki siku ya pili yake imeshaingia. Mimi nilikuwa nimeandika kama vile siku inageuka katikati ya usiku. Nilivuta droo. Kwenye kadi ya Joel Wachtel, pembeni, kilikuwepo kimwezi.

Nilimwambia bado tuna nafasi, mpaka jua la kesho lizame, na kwamba kesho saa kumi alasiri nitakuwa na watu.

"Haya," alisema, akakata simu.

Niliwapigia wote. Rosenfeldt mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kondoo wake walishinda na njaa kwa ajili yangu na hawezi kuwafanyia hivyo mara mbili. Daktari Kessler alikuwa analipa zamu ya watu. Mwingine aliniuliza kwa upole kama Mungu hawezi kuipokea tu ile ya asubuhi, maana sala ilikuwa ileile na marehemu ni yuleyule. Nilichojua ni kwamba mama yule hakuniomba sala ya siku yoyote tu; aliniomba siku yenyewe.

Jumatano asubuhi nilikwenda na kadi kwa Zelman. Nilimkuta kibarazani amevaa sapatu, anakoroga kahawa.

"Mzee Aubrey, hiki ni nini?"

"Mwezi."

"Naona ni mwezi. Maana yake?"

"Ukiuona mwezi, jua limeshazama. Hilo hata fundi saa analijua."

"Jana ulikuwepo. Tangazo ulikuwa nalo mkononi."

"Nilikuwa nalo."

"Ulijua?"

Aliendelea kukoroga. "Miaka ishirini na miwili, Leon, kila tangazo nililotoa kulikuwa na mtu wa kunisahihisha. Nikajiapia kwamba nikitoka, mimi sitakuwa mtu wa namna hiyo."

Jibu hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile. Huenda alisema kweli. Huenda alikuwa amechoka tu, au asubuhi ya Jumanne alitaka kusema akaona tumefurahi mno. Na mimi pia ningeweza kumuuliza mwezi Machi, nikachagua kutochekwa.

"Saa kumi utakuja?"

"Mimi huwa nakuja," alisema.

Na alikuja. Saa kumi alikuwa safu ya pili, koti limefungwa hadi shingoni. Perla alikuwa ameketi mbele, mkoba magotini. Walikuja wengine, mmoja mmoja, wakikwepa macho yangu kama watu walioitwa kushuhudia jambo. Kufikia saa kumi na nusu nilipita kati ya viti. Si mmoja, si wawili. Nikaishia si wanane. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, kama mtu anayetikisa saa iliyokwama. Si wanane.

Nilipiga simu hospitali. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nilisimama barabarani nikatazama kila gari lililopunguza mwendo. Ndani walikuwa wakisoma zaburi, kwa kuwa zaburi haihitaji watu kumi. Mwanga wa dirishani ulikuwa mwekundu kwenye viti vya nyuma, kisha ukapanda ukutani, kisha sikuuona tena. Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Zelman alifunga kitabu chake.

"Imegeuka," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Wanaume walimpa Perla mkono na kutoka. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, nikaanza kuyasema. Nilisema kosa ni langu, mwezi nimeuona miezi minne na sikuuliza, na mwakani...

"Mwakani," alisema, kana kwamba nimetaja mji wa mbali. Kisha akanyoosha mkono. "Hiyo kadi unayo?"

Nilikuwa nayo mfuko wa shati. Aliishika karibu na macho, akapitisha kidole kwenye maandishi hadi akakifikia kimwezi, kilichokuwa kimefifia kwa miaka.

"Una penseli?"

Nikampa. Alikikoleza taratibu, akirudia ukingo mara mbili tatu, ulimi umeshikwa na meno. Kisha akafungua mkoba, akatia kadi, akatia na penseli yangu, akafunga.

"Hii nitakaa nayo mwenyewe," alisema. Nilimwomba nimpeleke nyumbani kwa gari. Akasema anaijua njia.

Kwenye droo niligundua kadi nyingine thelathini na sita zenye kimwezi. Familia tisa nilikuwa nimeshazipa siku isiyokuwa yao. Nikaziandikia zote, na mbili zilijibu. Kwenye mkutano wa Agosti niliomba apatikane mtu mwingine. Niliuliza mara tatu. Zelman alikuwa akitazama dari. Perla alikuwa mbele, mkoba magotini, akinitazama mimi, na hakuna aliyenyoosha mkono.