Anapotea Akiwa Hapa

Karwirwa alimimina chai hadi nusu ya kikombe, kama alivyozoea, akampa binti yake. Hakuondoa mkono. Aliuacha hewani chini ya kikombe, ukisubiri.

"Usipulize," alisema. "Ngoja ipoe yenyewe."

Winrose alikuwa ameshapuliza. "Mami, leo tuko na mtihani wa hesabu. Mwalimu alisema nisipo..."

Hapo akakatika. Macho yalibaki wazi, yakitazama ukuta wa mbao, kope zikichezacheza. Kikombe kikaanza kuinama. Karwirwa alikidaka kabla chai haijamwagika, akahesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na mbili, mtoto alimeza mate.

"...nisipopata ishirini nitachapwa," alimalizia.

"Leo huendi shule. Tunaenda Meru."

Vidole vya Winrose vilikuwa bado vimejikunja hewani, vimeshika kikombe ambacho hakikuwepo. Aliviangalia, akamwangalia mama yake, kisha akaficha mkono chini ya sweta.

Karwirwa alitoa punje moja ya maharagwe kwenye mfuko wa kushoto wa aproni yake, akaitia mfuko wa kulia. Ndivyo alivyoweka hesabu. Siku nzuri zilikuwa punje tano au sita. Wiki iliyopita, siku moja, zilifika ishirini na tatu.

Mambo hayo yalianza mwaka juzi, Winrose akiwa gredi ya kwanza. Mwalimu alisema mtoto anajifanya hasikii. Baba yake, Kiunga, ambaye hufunga miraa huko Laare na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, alisema mtoto ana mawazo mengi kama nyanya yake. Mchungaji alimwekea mikono kichwani mara tatu. Kwenye zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha dawa ya malaria, kisha ya minyoo tena. Hakuna aliyeupa ugonjwa huo jina.

Jambo moja Karwirwa aliligundua mwenyewe. Jioni moja Winrose alipiga magoti kupuliza moto, akapuliza sana kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na hapo hapo akaganda, mkono wa sweta ukiwa ndani ya makaa. Kovu lilibaki kwenye kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo Karwirwa aliapa kwamba mtoto huyo hatapuliza kitu tena, moto wala chai. Alimwambia Mungu hivyo, kwa sauti, jikoni.

Wiki mbili zilizopita alikuta daktari mpya zahanati, kijana mwenye haraka lakini mwenye uso wa upole. Karwirwa aliachia shule darasa la sita, na Kiswahili chake hupungua akiwa mbele ya watu wa ofisi. Alikitafuta chote kilichobaki.

"Daktari, mtoto wangu anapotea."

"Anapotea? Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mara nyingi?"

"Kila siku."

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na anarudi mwenyewe?"

"Anarudi mwenyewe."

"Nyumbani kuna vita? Baba anampiga?"

"Baba yuko Laare," Karwirwa alijibu, asielewe swali lilikotoka.

Daktari aliandika ukurasa mzima kwa Kiingereza kwenye kitabu cha mtoto, daftari la shule lenye jalada la kijani, akagonga mhuri. Akamwambia aende hospitali kubwa siku ya Alhamisi. Karwirwa alirudi nyumbani amekishika kitabu kifuani. Hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno mengi hivyo juu ya mtoto wake.

Kufika saa tatu asubuhi, mfuko wa kulia ulikuwa na punje nne. Askari wa lango aliwaonyesha laini ya daktari wa ubongo, ambaye huja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi na kuondoka saa saba. Walisimama mpaka saa tano. Kwenye dirisha alikuwa Gitari, karani mwenye kitambulisho shingoni na simu mkononi. Alisoma ule ukurasa akitikisa kichwa.

"Mathe, umepotea laini. Hii si ya hapa."

"Niliambiwa Alhamisi."

"Alhamisi ni ya watu wengi. Barua yako inataka ushauri. Chumba kumi na nne, zunguka huko nyuma. Mwingine!"

Katika chumba kumi na nne kulikuwa na mama mmoja mnene, Cicily, mwenye sauti ya kubembeleza. Alisoma, akavua miwani, akamgeukia Winrose.

"Kwa nini unatoroka kwenu, mrembo? Nani anakusumbua?"

Winrose alimwangalia mama yake.

"Hatoroki," Karwirwa alisema.

"Imeandikwa hapa anatoroka nyumbani kila siku. Usiogope, hatukufungi. Lakini mtoto wa kutoroka lazima chifu aandike barua kwanza, aseme ametoroka mara ngapi, na akapatikana wapi."

"Lakini hajatoroka hata siku moja."

"Basi, mama, hapa umekuja kufanya nini?"

Karwirwa alisema asante. Huko nje aliketi kwenye benchi, akakifungua kitabu, akautazama ule ukurasa ambao alikuwa ameupenda kwa wiki mbili.

Kando yake aliketi mwanamke wa makamo aliyejifunga leso mbili, mpwa wake amelala mapajani. Jina lake Kibibi, mwenyeji wa Majengo, muuza mahamri.

"Unaisoma au unaiombea?" Kibibi aliuliza.

"Siwezi kuisoma. Ni Kizungu."

"Lete."

Kibibi alisoma polepole, akitafsiri. Mtoto wa kike, miaka minane. Hutoroka nyumbani kila siku, hurudi bila kuletwa. Huenda kuna ugomvi katika familia. Apewe ushauri wa tabia. "Sasa ulimwambia nini huyo daktari?"

"Nilimwambia anapotea."

"Anapotea wapi?"

"Popote. Anakula, anapotea. Anaongea, anapotea. Macho yako hapa, yeye hayuko. Halafu anarudi, anaendelea na ile maneno alikuwa anasema."

"Ala! Mama, kwa Kiswahili kupotea ni kupotea njia. Huyo alifikiri mtoto anazurura sokoni," Kibibi alisema.

"Kwetu tunasema hivyo. Amepotea."

"Na wewe hukuwa na neno lingine?"

"Nililitafuta," Karwirwa alisema, na machozi yakamtoka.

"Usilie bado. Saa sita na nusu. Huyo wa ubongo hajaondoka. Rudi dirishani, sema kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno. Laini yako ya kulia machozi nitakukalia mimi, nikuwekee nafasi."

Karwirwa alicheka bila kutaka, akasimama.

Gitari alimwona akiwa mbali. "Mathe, tena?"

"Daktari alikosea. Hatoroki. Anaganda tu, kidogo, halafu anarudi. Ni kichwa."

"Mimi si daktari. Mimi naenda na barua."

"Barua si kweli."

"Basi yule aliandika ndiye anabadilisha. Rudi zahanati."

"Nikija hapa dirishani nimempigia simu mwenye duka karibu na zahanati, akaniulizia. Daktari huyo alihamishwa Jumatatu."

"Sasa hiyo mimi nitafanyaje? Nikibadilisha barua ya daktari nafutwa. Rudi mwezi ujao na barua mpya."

Nyuma ya Gitari mlango ulikuwa wazi kidogo. Karwirwa aliona mkono wa koti jeupe ukifunga mkoba. Ilikuwa hatua kama kumi. Alimgeukia binti yake, akapiga magoti kwenye saruji.

"Wini. Puliza."

"Mami, ulisema nisipulize."

"Najua nilisema. Puliza kama moto, ule wa kuni mbichi."

Winrose alimtazama, asiamini. Kisha akajaza mashavu akapuliza, akavuta pumzi, akapuliza, na watu kwenye laini wakaanza kucheka. Mtu mmoja alisema huyo mtoto anazima mishumaa ya siku ya kuzaliwa. Karwirwa alimshika mabega na kuona mwenyewe alichokuwa akikifanya. Alitaka kusema basi, lakini hakusema. Kwenye pumzi ya ishirini hivi Winrose aliganda, mashavu yakalegea, macho yakabaki yamemwelekea Gitari.

"Ndiyo hiyo!" Karwirwa alisema. "Mwangalie! Ndiyo hiyo!"

Gitari aliinua macho kutoka kwenye simu. Alimwangalia mtoto vizuri, kwa muda wote ule. Mtoto alimwangalia yeye bila kupepesa.

"Mbona ananikodolea macho hivi?" Gitari alisema. "Ona. Kichwa ngumu. Si hata barua imesema ni tabia?"

Winrose alishtuka kidogo, akarudi. "Nimepuliza, mami," alisema. "Imewaka?"

Mlango ule nyuma ya Gitari ulifungwa; daktari wa ubongo alikuwa ameondoka. Gitari aliteremsha pazia la dirisha nusu, akainama chini yake. "Na usiandike ama kufuta kitu kwa hiyo kitabu. Hiyo ni ya daktari peke yake. Tukipata maandishi ya mtu mwingine, inakataliwa."

Kwenye benchi, Kibibi aliwapa hamri moja wagawane. Karwirwa alihamisha punje ya maharagwe. Zilikuwa saba. Ile ya saba aliishika kwa muda kabla ya kuitia mfukoni, kwa maana hiyo aliifanya yeye.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Ninayo. Nikuandikie? Kizungu changu si kibaya."

"Hapana. Nitaandika mwenyewe."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

Alikifungua kitabu cha kijani pale mhuri ulipoishia. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita tangu aandike kitu kirefu kuliko jina lake. Aliandika herufi kubwa, akibonyeza kalamu hadi ukurasa wa pili ukapata alama. Alisimama katikati ya maneno kufikiria, akaendelea. Alipomaliza, alimgeuzia Winrose.

"Soma nione kama inasomeka."

Winrose aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mtoto wangu hatoroki. Akipuliza anapotea. Leo mara saba. Hapotei njia. Anapotea akiwa..."

Kidole kilisimama. Kope zikaanza kuchezacheza. Karwirwa hakuhesabu safari hii. Alivuta kitabu taratibu kutoka chini ya kidole, akapiga mstari juu ya saba, akaandika nane, akakirudisha kilipokuwa, akangoja.

"...hapa," Winrose alimalizia.