Swali la Siri la Wifi Yangu

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alipata nafasi ya shahada ya pili chuo kilekile alikosoma ya kwanza. Siku ya mwisho ya kujibu "ninakubali" ikafika, na jibu lilitakiwa litoke kwenye barua pepe ya chuo, si nyingine, kabla ofisi haijafungwa. Naye nywila kaisahau. Kajaribu kubahatisha mpaka akaunti ikajifunga.

Sebuleni kwetu hapakosi watu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, shangazi anamsaidia kwa mdomo, na mchumba wa wifi kakaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini kama yuko kwenye usaili. Fundi wa kompyuta wa chuo alikuwa kwenye simu, spika imewashwa.

"Dada, jibu swali la siri uliloweka mwaka wa kwanza. Una nafasi tatu. Ukikosa zote, mpaka uje mwenyewe na kitambulisho."

Chuo chenyewe ni safari ya kutwa nzima. Wifi akabofya, swali likatokea: Mpenzi wako wa kwanza aliitwa nani?

Akamtazama mchumba, akatabasamu, akaandika jina lake. Kompyuta ikakataa.

"Hata mashine haidanganyiki!" nikasema.

"Wifi, nyamaza."

"Labda umekosea herufi," mchumba akasema, shingo inamtoka jasho.

Akaandika lilelile, taratibu. Ikakataa.

"Imebaki moja, dada," fundi akaonya.

"Nimesahau, jamani. Zamani hiyo."

"Umesahau!" Shangazi akasimama. "Uache kusoma kwa kuona haya? Si Mapengo, yule mtoto wa fundi saa!"

"Mapengo," mama mkwe akaitikia, macho kwenye maharage. "Nimemfukuza pale dirishani mpaka nikapungua mwili."

"Mapengo!" mume wangu akadakia kutoka chumbani.

Mimi nami, sitaki kujitoa, nililitaja pamoja nao.

Wifi akafunika uso kwa mikono. Mchumba akacheka kwanza, ndipo akasema, "Andika, mpenzi. Mapengo ndiye kinyozi wangu. Alinisimulia mwenyewe, wembe uko hapa shingoni. Ningebisha?"

Akaandika. Ikafunguka. Akajibu barua ile, akatuma, na ofisi ikarudisha neno: tumepokea. Mama mkwe akamwaga maharage kwa furaha.

"Hongera, dada," fundi akasema. "Sasa weka nywila mpya, na hilo swali ulibadilishe. Jibu lake nimelisikia kwa sauti nne, na mimi niko chuoni."

Wifi akatutazama mmoja mmoja. "Tokeni. Wote."

"Hata mimi?" mchumba akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza."

Tukajazana uani. Shangazi akabaki kaegemea mlango, sikio kwenye ubao, kidole mdomoni, anatunyamazisha.

"Nywila ndefu hiyo," akanong'ona. "Bado anabonyeza."