Maksai wa Melkiadi

Domitila alisikia habari ile pamoja na waumini wengine. Ilikuwa Jumapili ya mavuno kigangoni kwao Sigino, watu wakichangia mabati ya kanisa. Huyu alipeleka kuku, yule debe la maharage. Ndipo mumewe, Melkiadi, akasimama akasema anatoa maksai mmoja. Vigelegele vikapasuka. Jirani akamkumbatia Domitila kwa furaha, naye akapiga makofi, maana angefanya nini mbele za watu? Maksai walikuwa wawili tu, na plau haivutwi na mmoja.

Walipofika nyumbani akauliza, "Baba Careen, tutalimaje?"

"Miaka yote tunampa Mungu makombo. Safari hii nimetoa kitu chenye uzito. Utaona."

Kesho yake Domitila alikwenda kwa katekista Salvatory, akamwamkia, akamweleza. Mzee yule alimsikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi mwenyewe nilimwambia gunia moja la mahindi linatosha, hakutaka. Mnyama aliuzwa jana ile ile mnadani, Mama Careen. Ameshachinjwa."

Mvua za Desemba zilipoanguka, wenye jozi zao walimaliza kulima kwa wiki moja. Melkiadi na Domitila walishika majembe ya mkono. Kati ya ekari tatu walilima moja, nayo waliipanda wakiwa wamechelewa. Februari jua likakaza. Mahindi yakatoa mbelewele yakiwa hayajapita kiuno, yakakauka yamesimama.

Domitila hakumlaumu mumewe. Alingoja tu aseme amekosea. Neno hilo moja lingemtosha. Jioni moja alimkuta ameketi pembeni mwa shamba.

"Nimejua nilipokosea," Melkiadi alisema.

Domitila akaketi karibu naye.

"Nilitoa mmoja, nikabakiza mmoja. Nilitoa nusunusu, kama mtu anayemjaribu Mungu."

"Baba Careen, nakusihi. Huyu tumuuze tununue chakula. Mtoto anashindia uji wa chumvi."

"Kwa ajili ya mtoto ndiyo namtoa."

Jumapili Domitila alimtangulia zizini, akaishika kamba ya maksai kwa mikono miwili. Melkiadi hakumfokea. Alimbandua vidole kimoja kimoja, taratibu, machozi yakimtoka, akisema, "Nisamehe, mke wangu. Tutabarikiwa." Kisha akaondoka na mnyama kuelekea kanisani.

Domitila hakumfuata. Asubuhi ya Jumatatu alimbeba Careen mgongoni, akachukua jembe, akatembea hadi Nakwa, alikosikia kuna mwenye shamba la umwagiliaji anayetafuta vibarua wa kupalilia. Alikuta wanawake zaidi ya ishirini wamejipanga kwenye matuta, majembe yakipanda na kushuka.

"Watu wametosha, mama," msimamizi alimwambia. "Jaribu wiki ijayo."

Alisimama pale pembeni muda mrefu, mtoto akilia mgongoni, asijue arudi nyumbani kufanya nini.