Baraza Kifuani mwa Dervla

Alhamisi ile mwanga uliingia mapema, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ukapanda kitandani, ukamkuta Dervla hapumui. Ukamlalia usoni bila haya. Attracta, mama yake, aliutazama mwanga ule akauchukia.

Miaka ishirini na sita alimpiga binti yake mgongoni asubuhi na jioni, viganja vimekunjwa kama vikombe, makohozi yalegee, yatoke. Alhamisi hiyo viganja vilikosa kazi. Vilibaki mapajani, vizito, kama vitu vya mtu mwingine.

Enyi vijidudu, mlisemezana! Daktari alimweleza Attracta: kijidudu kimoja hakithubutu kitu. Hunong'ona, hungoja kujibiwa. Vikishajijua kuwa ni vingi, hujenga ukuta wa ute ndani ya mapafu, na dawa kali zikija hugonga ukuta zikarudi. Mlikonyezana kifuani mwa Dervla kama wachuuzi wa ng'ombe kwenye mnada wa mji wa Ballina, mkakubaliana bei, na mwenye mali hana habari.

Mlisemezana, na wagonjwa wakanyimwa kukutana. Wenye maradhi ya mapafu kama ya Dervla, ya kuzaliwa nayo, hawakai chumba kimoja, wasije wakapeana vijidudu. Dervla na Fiachra, kijana wa kijiji cha pili, walipendana miaka sita kwa simu. Miaka sita, na hawakuwahi kushikana mkono. Vijidudu vina baraza. Watoto hawana.

Na dawa mpya ilikuwapo, dawa ya majaribio. Haiui vijidudu. Inaviziba masikio, visisikilizane, ukuta usijengwe. Dervla alikataliwa, mapafu yake yamechoka mno. Fiachra alikubaliwa. Angeanza Jumanne.

Ijumaa mchana nyumba ilijaa watu wa matanga. Chai nzito, mikate ya nyama ya nguruwe, jeneza wazi sebuleni. Anayeingia humgusa maiti mkono, ndiyo adabu ya jimbo lao la Mayo. Asiyeingia ameitukana nyumba. Fiachra alisimama nje ya ukuta wa mawe, mvua ikimnyeshea.

"Mwoneni yule," alisema Concepta, jirani, mkate mdomoni. "Amekuja kulia au kuhesabu kondoo?"

"Ana ugonjwa uleule, Concepta," alijibu Attracta. " Humu ndani kuna mashuka yake, mashine yake, kikohozi chake."

"Lakini shoga yangu, maiti hakohoi!"

Kote chumbani watu walikuwa wakisemezana. Bei ya ndama, mvua, nani kanenepa. Soga juu ya soga, ukuta wa soga, na kijana nje yake. Attracta akainuka.

"Nyamazeni! Nyote! Nyamazeni!"

Kikombe kilimponyoka mtu, kikavunjika. Hakuna aliyekiokota. Attracta akafungua dirisha hadi mwisho.

"Sema naye," alimwita Fiachra. "Leo hakuna atakayekukatiza."

Kijana akavua kofia.

"Dervla, mshenzi we! Si tulipatana natangulia mimi? Hata foleni ya kaburi umeiruka?"

Wanaume wakacheka, kisha wakatazama viatu vyao.

"Na Jumanne siendi," alisema, sauti ikikwaruza. "Dawa waliyokunyima wewe, mimi siinusi."

Hasira ya Attracta haikuwa yake Fiachra, lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele yake.

"Huendi? Uviache viendelee na baraza lao? Vimenilia mmoja, unataka niviandalie wa pili? Utakwenda, Fiachra, au nitakuswaga kwa fimbo ya ng'ombe mpaka mlango wa hospitali!"

"Na isiponisaidia, mama?"

 Attracta alitamani kumdanganya.

"Sijui. Daktari mwenyewe hajui. Utakwenda hivyohivyo."

Fiachra alikohoa, akainama juu ya mawe, akakohoa tena, kikohozi ambacho Attracta alikijua kama sauti ya mlango wake. Viganja vya Attracta vikajikunja vyenyewe. Hakuweza kutoka. Alikuwa na vijidudu vya Dervla nguoni.

Dervla alizikwa Jumamosi. Fiachra alisimama upande wa pili wa makaburi, peke yake.

Siku hizi anavuta ukungu wa dawa ile ya majaribio asubuhi na jioni. Kila Jumanne makohozi yake yanapimwa. Majibu ya majaribio hayajatoka.