Mabara Sita na Nusu

Baba yake binti, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa na neno la mwisho: akikubali leo, ndoa ipo. Mchumba alikuja na mjomba wake wa kumsemea. Kumbe mjomba naye alifundisha jiografia, katika nchi nyingine.

Chai haijapoa, mjomba akasema ametembea mabara matatu kati ya sita.

"Saba," baba akasema taratibu.

"Sita, mzee mwenzangu. Ulaya na Asia ni bara moja."

"Moja? Na ile milima katikati?"

"Mlima ungetenga mabara, kijijini kwetu tungekuwa na manne."

Baba akasukuma kikombe chake pembeni. Binti alimjua: akisukuma kikombe hivyo, mgeni hutafutiwa viatu vyake. Akamkanyaga mchumba chini ya meza ili aokoe jahazi.

Mchumba, fundi bomba, akakohoa. "Wazee wangu, tukutane katikati. Tuseme sita na nusu."

Wazee wote wawili wakamgeukia.

"Nusu ipi, mwanangu?" baba akauliza.

Mchumba akafikiri. "Lile la barafu. Si halina wakazi?"

"Huyu sikumfundisha mimi," mjomba akawahi kujitetea.

Baba akasogeza kiti chake karibu na cha mjomba. "Mzee mwenzangu, kijana huyu hatuwezi kumwacha hivi hivi. Mimi peke yangu simwezi."

"Hata mimi. Nimejaribu tangu akiwa mdogo."

"Basi tuwe ndugu, tusaidiane. Arusi lini?"

"Mapema," mjomba akasema, akimtazama mpwa wake kwa huruma. "Hali yake unaiona."